Besi nene haitaki pedali kumi

Wapiga besi wenzangu, wengi tunamaliza mshiko kwenye pedali za gitaa la solo. Mara nyingi ukikanyaga overdraivu ya solo, sauti ya chini inaliwa, na dramu na kinanda vikiingia, besi ndo imezama. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, yaani E, unatetema kama mara 41 kwa sekunde. Unene uko huko chini, usiuue!

Mimi nasema anza na kompresa: noti kali inazituliza, zilizofifia zinasikika. Pili, overdraivu yenye kitufe cha kuchanganya sauti safi na chafu, mfano Boss ODB-3 ya 1994. Okteva, inayoongeza noti ya chini zaidi, ije mwisho. Na ijaribu kwenye spika ya besi kabla hujalipa, sawa?