Kahawa ya Mbozi na Karafuu Zetu

Ndugu wanachama, kahawa twainywa barazani kila jioni, lakini ni wachache waulizao imetoka wapi. Safari hii twawaeleza ya Mbozi, njia ya kutoka Mbeya kwenda Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.

Huko ni nyanda za juu, zaidi ya mita 1,400 toka usawa wa bahari. Usiku una baridi, tunda la mbuni huiva polepole, na hapo ndipo ladha ipatikanapo. Mvua yao ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na mavuno huangukia kiangazi. Sisi vuli hutukuta karafuu zi jamvini!

Lakini ladha hiyo yaweza kupotea usiku mmoja. Huchumwa tunda jekundu tu, nalo humenywa siku ile ile kwa mashine, mara nyingi katika kituo cha pamoja. Kisha buni hulazwa birikani mpaka ule utelezi uchachuke na kuachia, zikaoshwa na kuanikwa juu ya vichanja. Zikizidishiwa saa, kikombe huharibika na bei huanguka.

Karafuu, kinyume chake, haitaki kuchachuka kabisa. Ikilazwa rundo hupata moto, ikapauka na kusinyaa. Nasi twajua wako wenzetu wazilazao guniani siku mbili kwa kukosa wachambuaji, kisha wakazichanganya na nzuri.

Shauri la kuchambua kwa zamu na kuanika pamoja litaletwa mkutano ujao. Kila tawi lije na hesabu ya majamvi yake.