Kalamu Inayoujibu Mkono

Ukibonyeza swichi ya taa, kidole kinajua kazi imefanyika hata kabla taa haijawaka. Kioo cha mguso kimetunyima habari hiyo: pote ni laini, kitufe na pasipo kitufe ni mamoja. Watengenezaji wa simu walijaribu kuirudisha kwa kuitetemesha simu nzima, na kwa kifaa kinachoshikwa kiganjani hilo linatosha. Lakini kishikwambi kilicholazwa mezani, au kioo kikubwa kinachoandikwa na watu watatu kwa wakati mmoja, utakitetemesha kwa ajili ya nani? Mwaka 2004 Johnny Lee na watafiti wenzake nchini Marekani walionyesha njia rahisi: kiache kioo kitulie, itetemeshe kalamu. Walichukua kalamu inayopima mkandamizo wa ncha, wakaifunga nyuma koili ndogo ya umeme yenye kipande cha chuma ndani. Umeme ukipita, chuma kinaruka, na mshtuko unashuka kwa urefu wa kalamu hadi vidoleni, kana kwamba ncha imebonyeza kitufe cha kweli. Watu watatu wakiandika pamoja, kila mkono unapata jibu lake peke yake.

Tangu hapo wazo hilo limeingia madukani, ila kwa malengo mawili tofauti. Surface Slim Pen 2 ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2021, hutetemeka unapoandika ili uhisi kama uko kwenye karatasi. Apple Pencil Pro ya mwaka 2024 hutoa mpigo mfupi ukiibana kalamu, kukuambia kwamba amri imepokelewa. Kwa maoni yangu lengo la pili ndilo lenye mashiko. Hisia ya karatasi hutokana na msuguano: ncha inanasa kwenye nyuzi, inaachia, inanasa tena, na mkono unapata kitu cha kushindana nacho. Mota ndogo inaweza kutikisa, haiwezi kuzuia. Plastiki yenye mkwaruzo inayobandikwa juu ya kioo huifanya kazi hiyo kwa bei ndogo, ingawa (wachoraji wanalijua hili) inazila ncha za kalamu. Kinachoishinda plastiki hiyo ni kutoa habari: kwamba mstari umegusa ukingo wa umbo, au kwamba kifutio ndicho kilichoshikwa wala si brashi.

Wapo watakaosema jicho linatosha, na kwamba mota inaongeza uzito, bei na haja ya kuchaji. Bei sibishani nayo. Umeme ni suala dogo zaidi, kwa sababu vipokezi vilivyo ndani kabisa ya ngozi yetu huhisi vyema mitetemo ya karibu mara 250 kwa sekunde. Mpigo hafifu wa kasi hiyo unahisika vizuri bila kuimaliza betri. Na jicho la mchoraji tayari lina kazi, liko kwenye mstari. Kulivuta pembeni likahakikishe kitufe ni kumkatisha. Kwa asiyeona vizuri hoja ya kwamba jicho linatosha haipo kabisa, na kundi la Lee lilimtaja mtumiaji huyo tangu mwanzo. Pingamizi ninaloliogopa ni la kuchelewa. Mpigo ukifika baada ya ncha kuondoka, mkono unausoma kama jibu la tendo jingine, na hapo ni heri kalamu inyamaze.