Kofia ya mkono: riali 35 dukani, baisa 55 kwa saa kwa mama

Dada zetu walioko Muscat wanatuuliza sana swali hili: bosi wangu kanunua kofia riali 35 pale soko la Mutrah, na mama yangu Unguja anashona kofia kama ile ile, dalali anampa riali 12. Kwa nini nisimtumie mama mtaji, yeye ashone, mimi niuze huku?

Swali zuri. Tumelipigia hesabu, na jibu letu si "ndiyo" ya haraka. Bei hizo tunazichukua kama mfano tu, wewe weka za kwenu.

Tuanze na kofia yenyewe, maana hapo ndipo hela ilipojificha. Waoman wanaiita kumma, sisi tunaiita kofia ya mkono au kofia ya viua. Mshonaji anachorewa nakshi kwenye kitambaa cheupe, duara la juu peke yake na mkanda wa pembeni peke yake. Kisha anatoboa kwa sindano, tundu moja moja, na kila tundu analizungushia uzi mpaka mdomo wake ukaze. Hivyo ndivyo viua. Kofia moja ina mamia ya vitobo hivyo, na ukikosea kimoja, jicho la mnunuzi mzoefu linakiona. Mtu anayeshona huku anapika na kulea wajukuu anaweza kumaliza miezi miwili kwenye kofia moja.

Sasa kalamu. Tuseme mama anashona saa tatu kwa siku kwa siku 60. Hizo ni saa 180. Dalali anampa riali 12, kitambaa na uzi vimekula riali 2, imebaki 10. Riali 10 ni baisa 10,000. Gawa kwa 180: baisa 55 na ushee kwa saa. Wengi wenu mkiiona hesabu hii mtanyamaza kidogo, sisi pia tulinyamaza.

Na ile riali 23 iliyobaki kati ya mama na Mutrah imekwenda wapi? Si yote imeliwa na dalali, tusimwonee. Kuna usafiri, kuna pango la duka, na kuna jambo ambalo watu hulisahau: mwenye duka lazima aweke kofia za vipimo vyote na rangi zote, ndipo mteja asitoke mikono mitupu. Kofia iliyokaa rafuni miezi sita ni hela iliyolala, na yeye amekwishailipa.

Halafu mama hashindani na jirani yake tu. Huko Bangladesh, sehemu kama Naogaon na Kurigram, wako wanawake wengi wanaoshona kofia kwa mkono kwa ajili ya soko hili hili la Oman. Nao wanashonea nyumbani, nao wanalipwa kwa kofia. Chini yao wote kuna kofia ya mashine, ambayo bei yake ni ndogo na kwa mbali inafanana. Kwa hiyo ukimwambia mwenye duka "ya mama yangu ni 30," atakuuliza ina nini ambacho ile nyingine haina. Jibu uwe nalo: nakshi safi, vitobo sawa, kipimo sahihi cha kichwa.

Kuhusu kuuza mwenyewe, tuseme wazi. Viza ya kazi za ndani ni ya kumfanyia kazi mdhamini wako. Haikupi ruhusa ya biashara. Kupitisha kofia kwa majirani unaona ni jambo dogo, lakini ukishitakiwa unaweza kupoteza kazi na kurudishwa nyumbani, na mshahara wa miezi hauwezi kulinganishwa na faida ya kofia tatu. Msifanye.

Njia tunayoiona ina nafuu ni mama, au ndugu aliyeko nyumbani, kufanya mali kauli na mwenye duka mwenye leseni: anachukua kofia, analipa ikiuzika. Tuseme anakubali riali 22. Toa 2 za vifaa na 1 ya kusafirisha, inabaki 19. Kwa saa zile zile 180 ni baisa 105, karibu mara mbili. Ila hela inachelewa, na isipouzika kofia inarudi. Mama anayetegemea hela hiyo kwa unga wa mwezi huu asiende huko, dalali wa taslimu bado anamfaa. Oda yenye malipo ya awali ni bora kuliko zote mbili, ukiipata.

Kosa jingine tunaloliona ni la kutuma. Unamtumia mama riali 6 za uzi na kitambaa cha kofia tatu, ada ya kutuma tuseme riali 1 na nusu. Hapo umelipa robo ya mtaji kabla sindano haijashikwa! Changanya hela hiyo na ile ya matumizi ya kila mwezi, itume mara moja, na mama aiweke kando na kuandika kwenye daftari.

Na nyinyi kaka zetu wa ujenzi, Doha, Riyadh na kwingineko, mnaonunua kofia ya zawadi kabla ya likizo: igeuzeni ndani. Ya mashine mishono yake inalingana kabisa, na upande wa ndani mara nyingi utaona uzi wa pili, pengine na mabaki ya karatasi ya kushikizia. Ya mkono ina tofauti ndogo ndogo na viua vyake ni matundu ya kweli, ukiielekeza kwenye taa mwanga unapita. Fanyeni hivyo hivyo kwa kilemba cha pashmina ya Kashmir au kikoi mnachoambiwa kimefumwa kwa mkono: ulizeni, geuzeni, ndipo mtoe hela. Na kama mzee wako yuko Unguja au Lamu, mpimeni kichwa kwa uzi, muagize kwa mshonaji wa mtaani kwake miezi mitatu kabla. Kofia haitapanda ndege mara mbili, na hela yote itabaki mtaani.