Je, Wajua? Dubu wa Alaska na Shaba ya Kolwezi

Je, wajua kwamba Afrika nzima haina dubu hata mmoja wa porini? Wa mwisho waliishi kwenye milima ya Atlas, huko Moroko na Algeria, wakamalizika katika karne ya 19. Basi wewe wa Kolwezi unayerudi Kapata usiku, dubu mfute kabisa kwenye orodha ya hofu zako.

Ila zamani tulikuwa naye, tena wa kutisha! Langebaanweg, si mbali na Cape Town, wataalamu walichimbua mifupa ya dubu mkubwa aitwaye Agriotherium. Alitembea huko miaka kama milioni 5 iliyopita, kabla hajazaliwa mtu wa kumkimbia.

Najua utaniuliza: kama dubu hatunaye, bunduki ya kumzuia dubu inatuhusu nini? Subiri kidogo. Ndani ya bunduki hiyo kuna kitu kilichotoka chini ya miguu yako, na tutakifikia.

Kwanza, mbio. Dubu wa kahawia hufikia kilomita 56 kwa saa. Usain Bolt, siku ile ya rekodi Berlin mwaka 2009, alifika kama 44. Nyati wetu naye hukaribia kasi ya dubu, kwa hiyo usijione umesalimika.

Piga hesabu mwenyewe. Mnyama wa kasi hiyo akianza mbio mita 30 kutoka ulipo, atakufikia kwa sekunde 2. Katika sekunde hizo 2 ushushe bunduki begani, uondoe kizuizi, ulenge, ufyatue. Umemaliza? Yeye kashafika.

Je, wajua ni bunduki gani wanaiamini wajuzi? Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa risasi ya kaliba .375. Zaidi ya miaka 110 imepita, na hadi leo ndiyo kipimo cha chini kabisa kwa wanyama wakubwa wa hatari katika nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji, Tanzania ikiwemo. Na kule Alaska? Waongozaji wa wawindaji hubeba hiyo hiyo dhidi ya dubu!

Nguvu yake ni jouli kama 5,800. Ile AK inayoogopwa dunia nzima ina jouli kama 2,000 tu. Ndiyo, umesoma sawa: silaha inayopindua serikali haifai kumsimamisha nyati aliyekasirika.

Je, wajua kwamba namba 12 kwenye bunduki ya marisau si milimita wala si inchi? Chukua madini ya risasi yenye uzito wa ratili moja, gramu 454, uyagawe kuwa vidonge 12 vilivyo sawa: kidonge kimoja kinaenea barabara kwenye mtutu. Ndiyo maana namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12. Na namba 4? Hilo ni dude.

Dude hilo alilibeba Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, akiwa kijana kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870. Kila kidonge kilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 110! Teke lake lilikuwa kali mno, mpaka baadaye akakiri kwamba lilimwachia woga wa kufyatua na kumharibia shabaha.

Sasa geuka upande wa pili. Mskoti W. D. M. Bell, aliyebandikwa jina la Karamojo kwa sababu ya Karamoja ya Uganda, aliua tembo 1,011, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7. Risasi yake ilikuwa nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho! Siri yake ilikuwa msumeno: alipasua fuvu la tembo katikati ili ajue ubongo umekaa wapi hasa. Leo angefungwa, na ingekuwa haki yake, lakini katika somo la shabaha hakuna aliyempita.

Na bunduki kubwa ikikugomea? Mwaka 1898 simba wawili walisimamisha ujenzi wa reli pale Tsavo, Kenya. Mhandisi J. H. Patterson akaiacha bunduki yake ya .303, akaazima nyingine nzito zaidi. Simba akaja karibu, Patterson akavuta, ikalia "tak!" bila risasi kutoka. Simba akaenda zake.

Wote wawili waliuawa Desemba mwaka huo huo. Patterson alidai walikuwa wamekula watu 135. Wanasayansi walipochunguza mifupa na nywele za simba hao, mwaka 2009 wakasema yapata 35. Ngozi zao zilitandikwa sakafuni kwa Patterson kwa miaka 25, kisha Makumbusho ya Field ya Chicago yakazinunua mwaka 1924 kwa dola 5,000. Bado wapo huko, wamesimamishwa kwenye kioo.

Je, wajua kwamba kuna jeshi la kisasa linalopambana na dubu kwa bunduki ya enzi ya Vita Kuu ya Kwanza? Ni kikosi cha Sirius cha Denmark, kinachozunguka kaskazini mashariki mwa Greenland kwa sleji zinazovutwa na mbwa. Wamebeba bunduki ya muundo wa mwaka 1917, kwa sababu kwenye baridi ile kongwe hiyo haikwami. Kiunoni wana bastola ya milimita 10, endapo dubu mweupe atawahi kufika.

Kanada nako! Walinzi wa kaskazini walishika Lee-Enfield ya .303 tangu mwaka 1947 mpaka miaka ya 2010. Ni kaliba ile ile ya Patterson wa Tsavo, na ile ile waliyobeba askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huko Afrika Mashariki. Babu wengi wa huko waliijua kwa bega.

Na pale Svalbard, visiwa vya Norway, ukitoka nje ya mji lazima uwe na kitu cha kumfukuzia dubu, na serikali inashauri uwe na bunduki pia. Wanafunzi wa chuo kikuu cha huko hufundishwa kulenga shabaha kabla ya kwenda nyanjani. Lakini ukimuua dubu, unachunguzwa: analindwa tangu mwaka 1973.

Rudi nyumbani sasa, sogea karibu. Je, wajua kwamba Ulaya iliwahi kumchagulia Mwafrika bunduki ya kumzuilia simba? Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini mkataba Brussels. Yakachora mistari miwili juu ya Afrika, latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, yakasema: katikati hapo bunduki mpya zisiingie kwa wenyeji, waachiwe magobori. Mahali ilipo Kolwezi ni karibu latitudo 11 kusini. Katikati kabisa!

Kwa Msiri, mkataba huo ulichelewa. Mfalme huyu aliyetokea upande wa Tabora alijenga mji wake Bunkeya, ambao leo uko ndani ya jimbo la Lualaba. Alikuwa akibadilisha shaba na pembe za ndovu kwa bunduki na baruti kutoka pwani mbili za bara, Zanzibar mashariki na Benguela magharibi. Tarehe 20 Desemba 1891 afisa Mbelgiji Omer Bodson alimpiga risasi, na Bodson mwenyewe akapigwa papo hapo. Hakuna aliyeondoka na ushindi wa kujivunia.

Je, wajua bei ya bunduki kwa shaba? Ile misalaba ya shaba ya Katanga, uliyoiona kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960, ilikuwa fedha halali mikononi mwa watu. Mmoja uliweza kununua unga wa bukari kilo 10. Kumi ikanunua bunduki!

Basi tumefika. Shika benchi.

Mwaka 1985 Mmarekani Randy Brooks, mwenye kampuni ya risasi ya Barnes, alikuwa Alaska akimtafuta dubu wa kahawia kwa darubini. Katika kungoja, wazo likamjia: kwa nini nisiyaondoe madini ya risasi kabisa, nikatengeneza kichwa cha risasi kwa shaba tupu? Mwaka 1989 risasi hiyo ikaingia sokoni. Yaani dubu ndiye aliyeipandisha shaba cheo!

Ikoje? Mbele ina tundu. Ikigonga nyama, tundu hufunguka kuwa mapetali manne, lakini mwili wake haupasuki, unaendelea kupenya ndani. Madini ya risasi, yaliyo laini, huvunjika vipande na kuacha sumu kwenye nyama. Ndiyo maana jimbo la California limeyapiga marufuku katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019. Wawindaji wa huko sasa wanatafuta shaba kama mnunuzi wa madini wa Musompo.

Tufanye hesabu ya kuchekesha. Kichwa cha risasi ya .375 kina uzito wa kawaida wa gramu 19.4. Msalaba mmoja wa Katanga wenye kilo 1 ungetoa vichwa 51. Babu aliyebadilisha misalaba 10 kwa gobori moja alitoa shaba ya kutosha vichwa zaidi ya 500!

Hata risasi zisizo na kichwa cha shaba zinaihitaji shaba. Ganda la kawaida, lile la njano linaloruka pembeni ukifyatua, ni shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Koti jembamba linalofunika madini ya risasi huwa na shaba asilimia 95 hivi. Na mwaka 2023 Kongo ilichimba zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba, sehemu kubwa ikitoka Lualaba. Ni nani awezaye kuapa kwamba ganda lililodondoka kwenye theluji ya Alaska halikupita barabara ya Kasumbalesa?

   

Sasa shikilia hili, kwa sababu litawaudhi wapenda bunduki. Mwaka 2008 watafiti walikusanya visa vya Alaska vya watu waliompulizia dubu kopo la pilipili. Kwa dubu wa kahawia, pilipili ilifanya kazi mara 92 katika 100! Mwaka 2012 wakahesabu visa 269 vya bunduki: bastola asilimia 84, bunduki ndefu asilimia 76. Pilipili, ndugu yangu. Ile ile unayoiweka kwenye sombe.

Na tembo je? Tangu miaka ya 1990 wakulima wa bonde la Zambezi wanachanganya pilipili na mafuta machafu ya gari na kupaka kamba za uzio. Wengine huchoma kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili. Tembo akinusa moshi huo, shamba anakuachia.

Botswana wamekwenda mbali zaidi: walichora macho kwenye makalio ya ng'ombe! Kwa miaka minne, ng'ombe 683 waliochorwa macho hawakuliwa hata mmoja. Katika 835 wasiochorwa kitu, 15 waliliwa. Simba akijiona ameonekana, anaghairi.

Je, wajua kwamba pundamilia wa porini waliobaki Kongo wote wako Upemba? Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1939, na sehemu yake imo Lualaba. Walinzi wa hifadhi zetu hubeba bunduki, lakini mara nyingi si kwa ajili ya simba. Kule Virunga peke yake walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini, na wengi wao waliuawa na watu.

Wewe usiye mlinzi, kumbuka sheria ya silaha ya Kongo ya mwaka 1985: bunduki bila kibali ni kosa, hata kama kiboko anakutazama. Akiwa nchi kavu huyo kiboko, mwenye uzito wa kama kilo 1,500 na mbio za kilomita 30 kwa saa, hamwandami sana mtu anayepita mbali. Anamwandama aliyemzibia njia ya maji. Kwa hiyo ukitembea kando ya ziwa Nzilo jioni, usisimame kati yake na maji.