Kula Nje ya Nyumba: Jioni Moja Forodhani

Wako watu waonao kwamba kula nje ya nyumba ni upotevu wa fedha, na tena ni aibu kwa mama wa nyumba, kana kwamba chungu chake hakitoshi. Nasi hapa Mkokotoni tulilelewa katika mawazo hayo. Lakini mwezi uliopita tulikwenda mjini pamoja na mama watoto na watoto wetu, na yaliyotupata huko yametulazimu kulifikiri upya jambo hili.

Tulishuka Darajani jua likikaribia kutua, tukapita vichochoro vya Mji Mkongwe hata tukatokea Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe. Bustani ile ilitengenezwa mwaka 1936, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jirani yake ni Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Jua likizama wapishi huwasha taa na makaa, na bustani yote hunukia.

Atakaye kujua habari za Unguja na atazame bakuli moja la urojo. Bajia na kachori zimetoka kwa Wahindi. Muhogo na pilipili asili yake ni Amerika, vikavuka bahari. Chatine ni ya nazi zetu. Na rojo yenyewe ina ndimu, embe bichi na manjano. Kando yake mpishi hutandaza unga mwembamba kama karatasi, akatia nyama, yai na kitunguu, akaukunja juu ya chuma cha moto. Hayo ni mantabali, jina litokalo katika neno la Kiarabu lenye maana ya kukunjwa. Tukanywa maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu.

Mtoto wetu alipomwona pweza mezani akauliza, “Baba, huyu si wa kwetu? Mbona hapa ni ghali?” Tukamjibu kwamba katika bei ile mna nauli, mna makaa, na mna jasho la mpishi. Hata hivyo yafaa kuuliza bei kwanza, na kuchagua kilichopikwa mbele ya macho yako. Mwuzaji mmoja alitutajia bei moja kabla ya kula na nyingine baada ya kula. Tukalipa ile ya kwanza, tukaagana naye bila ugomvi.

Mama watoto alikaa juu ya ukuta wa bahari, bakuli mkononi, akala kimya. Kisha akasema, “Miaka kumi na minne sijala chakula kikiwa cha moto.”

Tuliona haya. Ni kweli: nyumbani yeye hupakua kwa wote, huongeza kwa wote, na akiketi mwenyewe wali umekwisha kupoa. Nasi tulikuwa tukishukuru kwa chakula kila siku, wala hatukumtazama aliyekipika.

Basi, hatusemi kila nyumba iende Forodhani. Si wote wenye nauli. Twasema hivi tu: tangu jioni ile, kila Jumamosi sisi na watoto twapika, na sahani ya kwanza ni ya mama. Wali wetu wa kwanza uliungua, naye akaula akicheka.

Neno moja zaidi. Mwezi wa Ramadhani ukifika, tusile barabarani mchana mbele ya jirani zetu wafungao. Hiyo ni adabu ya nchi. Na jioni jirani akituletea sahani ya futari, muhogo wa nazi au tambi, tusiirudishe tupu. Mezani ndipo ujirani unapokaa, iwe ni meza ya bustani mjini au mkeka wa nyumbani Mkokotoni.