SELIMUNDU: KWA NINI MTOTO HUANZA KUUGUA BAADA YA MIEZI KADHAA?

Huenda umeliona jambo hili nyumbani kwako au kwa jirani. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya na kunenepa. Akifikia miezi sita hivi, viganja na nyayo vinavimba, analia kwa maumivu, macho yanakuwa ya manjano na damu inapungua. Watu huanza kunong'ona kuwa karogwa, na mara nyingine mama hulaumiwa kuwa ana mkosi. Dalili hizo zinaweza kuwa za selimundu, na sababu ya kuchelewa kwake inajulikana.

Ndani ya mifupa mna uboho. Humo zinakaa seli mama, zinazozalisha seli za damu katika maisha yote ya mtu. Kila seli mama imebeba maelekezo ya mwili mzima, yaani jeni, lakini jeni zote hazifanyi kazi kwa pamoja. Ni mfano wa nyumba yenye taa nyingi: huwashwa inayohitajika, nyingine huzimwa.

Mtoto akiwa tumboni, inayowaka ni jeni ya hemoglobini ya kichanga. Akishazaliwa, jeni hiyo huzimwa polepole na ile ya hemoglobini ya ukubwani huchukua nafasi yake. Mwenye selimundu amerithi kasoro katika jeni hii ya pili, ndiyo maana miezi ya mwanzo huwa salama. Daktari Janet Watson wa New York alilieleza jambo hili mwaka 1948.

Je, taa iliyozimwa yaweza kuwashwa tena? Ndiyo, kwa kiasi. Dawa ya haidroksiyurea huongeza hemoglobini ya kichanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika kwa watoto wa Kenya, Uganda, Kongo na Angola, ulionesha kuwa dawa hiyo ilipunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Aidha, mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ambayo seli mama za mgonjwa hutolewa, kizimio cha jeni ya kichanga hudhoofishwa, kisha seli hurudishwa mwilini. Kwa bahati mbaya, bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2.

Basi, familia ifanye nini?

1. Mpeleke mtoto akapimwe damu mapema, hasa kama katika ukoo yupo mgonjwa. Usisubiri miezi sita.

2. Akigundulika, muulize daktari kuhusu haidroksiyurea. Usimpe bila daktari, kwani damu hupimwa mara kwa mara wakati wa kuitumia.

3. Mlaze ndani ya chandarua, mpe maji ya kutosha, na asikose chanjo wala dawa za kinga alizoandikiwa. Akipata homa, kupauka ghafla au kupumua kwa shida, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo.

4. Vijana wapimwe kabla ya posa kukamilika. Wawili wenye chembe moja moja ya urithi huu huonekana wazima, lakini kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa.

Tukumbuke kuwa mtoto huyu amerithi kwa baba na kwa mama, sehemu sawa. Lawama kwa mama haina msingi, na kila siku inayopotea kwa mganga ni siku ambayo mtoto angekuwa kwenye matibabu.