Masurufu ya safari: dumu la maji litangulie

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, shule zinapofungwa mwezi wa Desemba barabara zetu hujaa familia. Zimo zinazopanda mabasi, na siku hizi zimo pia zinazokodi Hiace au kuazima gari la ndugu, zikang'oa viti vya nyuma, zikatandika godoro, zikapika njiani na kulala humo humo hadi zifike kwa babu na bibi. Hatuoni ubaya wake. Safari ya namna hiyo hupunguza gharama za nyumba za wageni, huwasitiri akina mama, na huwawezesha watoto kuiona nchi yao. Lakini tumeona namna watu wanavyoyapakia magari hayo, na sisi wenyewe tumo miongoni mwa waliokosea. Ndiyo maana leo tumependa tuzungumze juu ya mizigo.

Miaka kadhaa iliyopita tulitoka Dar es Salaam kuelekea Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, watu wanane ndani ya gari moja, mama yetu mzazi akiwemo. Tulipakia usiku kwa haraka. Masanduku ya nguo, zawadi za jamaa, magunia na kapu la chakula vyote vilipanda juu ya paa, vikafunikwa turubai na kukazwa kwa kamba. Kuhusu maji tulisema, "Tutanunua njiani."

Tulipoiacha Manyoni, kabla ya kufika Singida, mkanda wa feni ulikatika na injini ikachemka. Jua lilikuwa kali, pori huku na huku. Chupa tulizonunua Dodoma ziligawanywa baina ya watoto na rejeta, zikaisha. Mama yetu ni mgonjwa wa kisukari. Asubuhi alikuwa ametumia dawa yake, na chakula cha mchana tulikwisha kukiahirisha hadi Singida. Alianza kutetemeka, jasho likamtoka, maneno yake yakawa hayashikani. Sukari ilikuwa imemshuka. Tende zilikuwepo, tena nyingi, lakini zilikuwa chini ya turubai, chini ya magunia mawili, na vijana wakihangaika na mafundo ya kamba.

Aliyetuokoa kwa idhini ya Allah ni dereva wa lori, kijana ambaye hata jina lake hatukuliuliza. Alimpa mama soda, akanywa kidogo kidogo hadi akatulia, kisha akatushushia dumu lake la maji. Baadaye alituuliza kwa adabu, "Samahani sheikh, na watoto wote hawa, mmetoka bila maji?" Hatukuwa na jibu. Wiki mbili kabla ya siku hiyo tulikuwa tumekaa msikitini tukiwasomesha watu maana ya kutawakali.

Swali la kijana yule lina historia ndefu. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya kuchukua chochote, wakisema wao ni watu wa kumtegemea Mungu. Walipofika Makka wakawa wanaomba watu. Hapo ndipo ikateremka sehemu ya Aya ya 197 ya Suratul Baqara, inayoamrisha kuchukua masurufu na kubainisha kwamba masurufu bora ni ucha Mungu. Wengi wetu tunaihifadhi ile sehemu ya pili na kuisahau ya kwanza. Amri ya kubeba masurufu imetangulia, na sababu ya kuteremka kwake inaonesha kuwa chakula na maji ya msafiri vimo ndani yake. Mtu aliyeweza kujiandaa, akaacha, kisha akawageukia wenzake njiani, ndiye aliyekuwa akikosolewa.

Tazameni Hijra yenyewe, mwaka 622. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ahadi ya kulindwa na Mola wake, na juu ya hivyo chakula kilifungwa nyumbani kwa Abubakar (R.A.). Ilipokosekana kamba ya kufungia, Asmaa binti Abubakar aliupasua mshipi wake vipande viwili, ndipo akaitwa Dhatun Nitaqayn. Wasafiri hao wakakaa pangoni siku tatu, na walikuwa wamemwajiri mjuzi wa njia, Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Mwislamu. Naye Nabii Musa (A.S.), katika kisa kilichomo ndani ya Suratul Kahf, alipochoka alimwambia kijana wake alete chakula chao. Walikuwa wametoka nacho.

Sasa tuje kwenye dumu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, na wanazuoni wengi huukadiria kati ya theluthi mbili na robo tatu ya lita. Msafiri aliyeruhusiwa kukusanya sala atasimama mara tatu kwa siku: Alfajiri, Adhuhuri pamoja na Alasiri, Magharibi pamoja na Isha. Watu wanane kwa vituo vitatu ni udhu 24. Dumu moja la lita 20, likitumiwa kwa Sunna, linatosha familia nzima kwa siku nzima. Linalotuangusha ni kumimina kutoka mdomo wa dumu. Chukueni birika au kopo dogo. Maji ya kunywa yawe katika dumu jingine, nasi kwa mtu mzima hatupungukii lita 3 kwa siku za joto.

Na ikitokea maji yaliyobaki ni ya kunywa tu, sheria haikutuacha. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafii, anayehitaji maji aliyonayo kwa ajili ya kiu, yake au ya mwenzake, na hata ya mnyama, atatayamamu kwa udongo safi wenye vumbi. Maji ya mtoto hayachukuliwi kwa udhu. Ruhusa hiyo nayo ilipatikana safarini, pale kidani cha Bibi Aisha (R.A.) kilipopotea, msafara ukasimama kukitafuta mahali pasipo na maji, watu wakamlalamikia baba yake, na Aya ya tayamamu ikashuka. Anayechelewesha Adhuhuri ili aisali wakati wa Alasiri anuie hivyo kabla wakati wa Adhuhuri haujatoka. Mkeka mmoja mkubwa unafaa kuliko miswala minane, na dira ndogo haina uzito: kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, na kadiri mnavyokwenda Mwanza kibla huinama kidogo kuelekea mashariki.

Dawa ziwe ndani ya gari, mkononi mwa mtu mmoja anayejulikana. Insulini haitakiwi kuachwa kwenye dashibodi wala buti inayochomwa na jua, na pia isigusane na barafu, kwani ikiganda huharibika. Mgonjwa wa kisukari awe na tende au glukosi karibu naye, na asiahirishiwe chakula kwa sababu dereva anataka kuwahi. Kwa watoto wanaoharisha bebeni pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji. Zikikosekana, lita 1 ya maji safi hutiwa vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, visirundikwe. Tangu siku ile mama yetu husafiri na kimkoba chake mapajani, na mjukuu akitaka kumsaidia kukipandisha pamoja na mizigo mingine humjibu, "Hiki hakipandi, mwanangu."

Kwa wanaolala ndani ya gari tuna la kuwaonya kwa mkazo zaidi. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani usiku, hata kama makaa yanaonekana yamefifia, hata kama nje kuna baridi ya Makambako. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Injini nayo isiachwe ikiunguruma mkiwa mmefunga vioo. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuacha moto majumbani mwetu tunapolala, na alipopewa habari ya nyumba iliyoungua Madina usiku na watu wake wakiwamo, aliuita moto adui yetu. Gari lililotandikwa godoro ni nyumba.

Katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, amekataza pia kupiga kambi usiku juu ya njia, kwa kuwa ni mapito ya wanyama na maficho ya wadudu. Enzi zetu yameongezeka malori. Ingieni kwenye kituo cha mafuta au uwanja wa msikiti, ombeni ruhusa, na gari liegeshwe mbali na lami. Vibao vya pembetatu vinavyoakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto, tochi na mkanda wa feni wa akiba vikae mahali ambapo mkono utavifikia gizani.

Deni na amana viandikwe kabla ya kuondoka, na karatasi hiyo ibaki nyumbani kwa mtu mwaminifu, isisafiri nanyi. Kisha mteueni kiongozi wa msafara, kama Sunna ilivyoelekeza kwa wasafiri watatu na zaidi. Si lazima awe baba. Katika nyumba yetu kazi ya kupakia imo mikononi mwa binti yetu wa pili, ambaye hupakia mchana, hutanguliza masanduku ya nguo, na haruhusu mlango ufungwe mpaka aone madumu mawili yamesimama nyuma ya kiti cha dereva.

Wallahu aalam.